Kumkosoa kocha kwa haki: tunachojifunza kwenye sare ya Tanzania na Zambia

Mechi ikiisha vibaya, hukumu hutoka kabla watu hawajaondoka kwenye kibanda umiza: "Kocha ametuua." Huku Mgololo inasemwa na waliotoka zamu ya kiwandani, inasemwa na wapasua mbao, na kesho yake asubuhi inasemwa na wanafunzi wakielekea shule. Mara nyingi hukumu hiyo ina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba ukimuuliza aliyeitoa, "Ametuua kwa uamuzi upi, dakika ya ngapi, na angefanya nini kingine?", jibu halipatikani.

Makala hii inaeleza namna ya kupima maamuzi ya kocha wakati mpira unachezwa. Tumechukua mechi moja ambayo wengi wenu mnaikumbuka: Tanzania na Zambia, Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, katika mji wa San Pedro, Ivory Coast. Ilikuwa mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2023, mashindano yaliyobaki na jina la mwaka 2023 ingawa yalichezwa mwanzoni mwa 2024. Sisi nasi ni mashabiki na tuna lawama yetu juu ya mechi ile. Tutaieleza, tutatoa sababu zake, kisha tutamsikiliza na kocha.

Kocha ana nini mkononi mpira ukishaanza?

Kabla ya mechi kocha ana nguvu kubwa. Anachagua wachezaji 11, anapanga mfumo, anawafundisha mazoezini. Kipyenga cha kwanza kikishapulizwa, nguvu hiyo inapungua sana. Hawezi kuingia uwanjani, hawezi kusimamisha mchezo apendavyo, na sauti yake mara nyingi haifiki upande wa pili wa uwanja. Vinavyobaki mkononi mwake ni vitu vinne.

Cha kwanza ni mabadiliko ya wachezaji. Kwa miaka mingi timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watatu tu. Mwezi Mei 2020, kwa sababu ya korona, ikaruhusiwa kwa muda kubadilisha watano, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikaingizwa moja kwa moja kwenye sheria. Lakini watano hao huingizwa kwa fursa tatu tu za kusimamisha mchezo. Mabadiliko ya wakati wa mapumziko hayahesabiwi ndani ya fursa hizo. Kwa hiyo kocha anayeingiza mchezaji mmoja dakika ya 55, mmoja dakika ya 65 na mmoja dakika ya 75, amemaliza fursa zake zote tatu huku akiwa na nafasi mbili ambazo hawezi tena kuzitumia. Shabiki asiyeijua sheria hii atapiga kelele dakika ya 85, "Mwingize fulani!", kumbe mlango umeshafungwa.

Cha pili ni kubadilisha nafasi za wachezaji bila kumtoa mtu. Winga anaweza kurudi kusaidia beki, beki wa pembeni anaweza kupandishwa, kiungo mkabaji anaweza kushushwa kati ya mabeki wawili wa kati.

Cha tatu ni mahali pa kuchezea. Timu inaweza kusogea juu na kumbana mpinzani kwenye nusu yake, au inaweza kurudi nyuma na kulinda lango. Hii ya pili ndiyo mashabiki wanaiita kupaki basi.

Cha nne ni mapumziko. Zile dakika 15 ni wakati pekee ambapo kocha anazungumza na wachezaji wake wote, wamekaa, wanamsikia. Kama kuna uamuzi mmoja wa kocha unaofaa kuchunguzwa kuliko mwingine wowote, ni ule anaoufanya hapo.

Ilivyokuwa San Pedro

Tanzania ilikuwa kundi F pamoja na Morocco, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mechi ya kwanza, tarehe 17 Januari, tulifungwa na Morocco 3-0. Baada ya mechi hiyo mambo yakavurugika nje ya uwanja. Kocha Adel Amrouche alikuwa amesema maneno juu ya ushawishi wa Morocco kwenye soka la Afrika, nao Wamorocco wakapeleka malalamiko. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likamfungia mechi nane. TFF nayo ikamsimamisha na timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, ambaye wengi wanamjua kwa jina la utani la "Morocco", akisaidiwa na Juma Mgunda. Hayo yalitokea siku mbili tu kabla ya kukutana na Zambia.

Hata hivyo mechi ilianza kama ndoto. Dakika ya 11 Simon Msuva alifunga, Tanzania ikaongoza 1-0. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akaonyeshwa kadi nyekundu. Timu zilikwenda mapumziko Tanzania ikiwa mbele kwa bao moja na ikiwa na mchezaji mmoja zaidi.

Kipindi cha pili chote tulikuwa 11 dhidi ya 10. Bao la pili halikupatikana. Dakika ya 88 Patson Daka akaruka na kufunga kwa kichwa. Mechi ikaisha 1-1.

Ili kuelewa kwa nini sare ile iliuma, tazama kilichokuwa mezani. Hadi siku ile Tanzania ilikuwa imeshiriki AFCON mara mbili nyuma, mwaka 1980 nchini Nigeria na mwaka 2019 nchini Misri, na haikuwa imeshinda hata mechi moja ya fainali hizo. Ushindi dhidi ya Zambia ungekuwa wa kwanza katika historia yetu.

Kuna zaidi. Mechi ya mwisho ya kundi, tarehe 24 Januari mjini Korhogo, tulitoka suluhu na Kongo, 0-0. Kundi likaisha hivi: Morocco pointi 7, Kongo pointi 3, Zambia pointi 2 na Tanzania pointi 2. Tukashika mkia kwa tofauti ya mabao. Sasa rudisha lile bao la dakika ya 88. Tanzania ingekuwa na pointi 4, na pointi 4 zingetupa nafasi ya pili. Ni kweli kwamba mechi ya mwisho ingechezwa kwa hesabu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa. Lakini tukumbuke kwamba Kongo, waliopita na pointi zao 3, walifika hadi nusu fainali.

Mchezaji mmoja zaidi anasaidia wapi?

Hapa ndipo lawama yetu inapoanzia, kwa hiyo tueleze taratibu.

Uwanja wa kimataifa una upana wa kama mita 68 na urefu wa kama mita 105. Timu yenye watu 10, ukimtoa kipa, ina watu tisa wa kuufunika uwanja wote huo. Haiwezekani. Mahali fulani patakuwa wazi. Timu yenye watu 11 ikiuhamisha mpira haraka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, wale tisa wanakimbia, wanachelewa, wanachoka. Baada ya dakika 20 za kukimbizwa hivyo miguu inakuwa mizito, na hapo ndipo nafasi za kufunga zinapoanza kuonekana. Faida ya mtu wa ziada inaonekana pale ambapo pana nafasi kubwa, na ambapo wewe ndiye mwenye mpira.

Sasa ihamishe mechi hiyo ndani ya boksi lako mwenyewe. Mpinzani amepata kona, faulo au anapiga krosi. Anawaleta mbele wachezaji wake warefu. Mpira unapokuwa hewani, jambo linakuwa kati ya mtu na mtu: nani ameruka mapema, nani amesimama vizuri, nani ana kifua. Hapo hesabu ya 11 dhidi ya 10 haina maana tena. Daka anahitaji kumshinda mtu mmoja tu, na huyo mmoja hapati msaada wowote kutokana na ukweli kwamba Kabwe yuko nje amevaa jaketi.

Kwa hiyo timu yenye mtu wa ziada inayorudi nyuma kulinda bao moja inaitupa faida yake kwa hiari. Inamhamishia mpinzani mpira mahali ambapo mpinzani ana nguvu sawa na yeye.

Mfano wa pili ulikuwa umetokea siku nne tu kabla, na sisi ndio tuliokuwa waathirika. Kwenye mechi ya Morocco, hadi dakika ya 70 tulikuwa nyuma kwa bao moja tu. Dakika hiyo Novatus Miroshi akapewa kadi nyekundu. Morocco hawakurudi nyuma kulinda bao lao. Dakika ya 77 Azzedine Ounahi akafunga la pili, dakika ya 80 Youssef En-Nesyri akafunga la tatu. Ndani ya dakika 10 za kuwa na mtu wa ziada, walimaliza mechi. Tunajua Morocco ni wakubwa, walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, na hatudai kwamba Taifa Stars ingecheza kama wao. Tunachosema ni kwamba somo la namna ya kutumia mtu wa ziada tulikuwa tumefundishwa kwa maumivu, siku nne nyuma.

Lawama yetu

Kadi ya Kabwe ilitoka dakika moja kabla ya mapumziko. Muda huo una pande mbili. Uliisaidia Zambia, kwa sababu kocha wao Avram Grant alipata dakika 15 za kutulia na kuipanga upya timu yake. Lakini uliisaidia na Tanzania kwa kiasi kilekile. Benchi letu la ufundi lilipata robo saa nzima ya kujibu swali moja: huyu mtu wa ziada tunamtumia kufanya nini?

Kulikuwa na majibu matatu. La kwanza: tutafute bao la pili mapema, kati ya dakika ya 46 na ya 65, kabla Zambia hawajazoea kucheza 10. La pili: tushike mpira, tuuzungushe mbali na lango letu, tuwachoshe. La tatu: tulinde tulicho nacho.

Hatukuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na hatuwezi kusema maneno gani yalitumika. Tunachoweza kusema ni kile kilichokuwa uwanjani. Dakika ya 88, timu yenye watu 10 ndiyo iliyokuwa na wachezaji ndani ya boksi la mwenzake ikitafuta bao. Kama mpango ulikuwa wa kwanza, haukuzaa bao. Kama ulikuwa wa pili, mpira usingekuwa pale. Kwa namna yoyote utakayoitazama, kwa dakika 40 na zaidi faida yetu haikugeuzwa kuwa kitu. Lawama yetu kwa benchi ni hiyo: bao moja lilifanywa mzigo wa kubeba hadi mwisho, wakati lilikuwa mtaji wa kutafutia la pili.

Mtagundua kwamba hatutaji jina la mchezaji ambaye "angeingizwa". Tumeacha kwa makusudi. Shabiki haoni mazoezi, hajui nani ana msuli unaomvuta na nani hakulala usiku. Anachokiona ni mahali mpira ulipo na mahali timu inaposimama. Lawama yake ijengwe juu ya anachokiona.

Tulishawahi kuona hali ya kufanana

Tarehe 27 Juni 2019, kwenye AFCON ya Misri, Tanzania ilicheza na Kenya mjini Cairo chini ya kocha Emmanuel Amunike. Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja baadaye Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Tulikwenda mapumziko tukiongoza 2-1. Dakika ya 62 Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, dakika ya 80 Olunga akafunga la tatu. Tukalala 3-2, na baada ya mashindano Amunike akaachana na timu.

Mechi mbili, makocha wawili tofauti, zaidi ya miaka minne katikati. Zote tuliongoza hadi mapumziko, zote tuliupoteza uongozi kipindi cha pili, na zote bao la kusawazisha lilikuwa la kichwa. Jambo likijirudia namna hiyo chini ya watu tofauti, kumfukuza mmoja hakulitatui. Inabidi tuulize namna wachezaji wetu wanavyofundishwa kulinda uongozi tangu wakiwa wadogo. Timu inapoongoza inacheza vipi? Mipira ya juu inalindwa na nani? Maswali hayo yanaanzia kwenye viwanja vya shule.

Upande wa kocha

Haki inataka tumsikilize na mtuhumiwa.

Hemed Suleiman alikabidhiwa timu siku mbili kabla ya mechi. Mfumo haukuwa wake, orodha ya wachezaji haikuwa yake. Miroshi alikuwa anatumikia kadi. Timu ilikuwa imetoka kufungwa mabao matatu, na kocha mkuu amefungiwa. Mtu aliyekabidhiwa nyumba inayovuja usiku wa mvua hawezi kulaumiwa kama aliyeijenga.

Pili, timu iliyotoka kufungwa 3-0 huwa na hofu. Wachezaji wenyewe hurudi nyuma bila kuambiwa, hasa dakika zikiyoyoma na ushindi wa kwanza wa historia ukikaribia. Kocha anaweza kupiga kelele "pandeni!" hadi sauti ikakauka, na miguu bado ikakataa. Si kila kitu tunachokiona uwanjani kimeagizwa na benchi.

Tatu, mtazame kwa muda mrefu. Kocha huyohuyo aliiongoza Taifa Stars tarehe 19 Novemba 2024 kuifunga Guinea 1-0 jijini Dar es Salaam, bao la Msuva, na kupata tiketi ya AFCON iliyofuata. Mwezi Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN iliyochezwa Tanzania, Kenya na Uganda, alimaliza akiwa kinara wa kundi. Kwenye mechi na Mauritania bao pekee lilifungwa na Shomari Kapombe dakika ya 89. Kapombe ni beki wa pembeni. Dakika ya 89, mechi ikiwa 0-0, beki wa pembeni alikuwa mbele anatafuta bao. Angalia tofauti na San Pedro.

Kwa hiyo lawama yetu ni ya uamuzi wa usiku mmoja. Haitoshi kumhukumu mtu kwamba hajui kazi.

Matokeo peke yake si ushahidi

Kuna mtego ambao mashabiki wengi tunauingia. Tunasubiri matokeo, kisha tunarudi nyuma kutafuta uamuzi wa kulaumu. Timu ikishinda, kocha ni fundi. Ikifungwa, uamuzi uleule unaitwa wa kijinga.

Chukua Yanga mwaka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, chini ya Nasreddine Nabi. Tarehe 28 Mei walifungwa nyumbani 2-1 na USM Alger. Tarehe 3 Juni wakaenda Algeria na kushinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda kwa Waarabu kwa kanuni ya bao la ugenini. Ukitazama kombe, Nabi alishindwa. Ukitazama mechi ya pili peke yake, alikwenda kwenye uwanja mgumu na kumfunga mwenyeji bila kuruhusu bao. Anayetaka kumkosoa lazima aende kwenye mechi ya kwanza. Kombe lilipotelea Dar es Salaam.

Na kuna jambo lingine la kusemwa wazi. Hasira nyingi za siku hizi hazitoki kwenye mapenzi ya timu. Zinatoka kwenye mkeka. Mtu aliyeweka pesa kwamba timu itashinda, akaona imechanika dakika ya 88, atamwita kocha mwizi, msaliti, aliyehongwa. Tuhuma ya rushwa ni tuhuma ya jinai. Bila ushahidi haifai kusemwa kijiweni, na haifai kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Maswali matano kabla ya kulaumu

Unaweza kuyatumia kwa Taifa Stars, kwa Simba na Yanga, au kwa timu ya kijiji chako.

1. Uamuzi ulifanyika dakika ya ngapi, na wakati huo kocha alijua nini? San Pedro, wakati wa mapumziko, alijua anaongoza na alijua wapinzani ni 10. Alikuwa na taarifa za kutosha.

2. Alikuwa na njia nyingine ya kweli? Hesabu fursa za mabadiliko zilizobaki, majeruhi na wenye kadi za njano. Kama hakukuwa na njia nyingine, hakuna kosa.

3. Timu ilibadilika vipi dakika 10 baada ya uamuzi? Tazama mpira ulihamia nusu ya nani. Hicho kinakuonyesha agizo lilifanya kazi au la.

4. Ungesema hivyohivyo kama mpira wa mwisho ungegonga mwamba? Jiulize kwa uaminifu. Kwa San Pedro jibu letu ni ndiyo: hata kama kichwa cha Daka kingetoka nje, bado tungesema tulimruhusu mpinzani pungufu aje langoni kwetu.

5. Ni kosa la kocha au la mchezaji? Beki akiteleza, kocha hakumwambia ateleze. Lakini beki yuleyule akiachwa peke yake na mshambuliaji mara tano, hapo benchi lina la kujibu.

Kwenye viwanja vyetu

Haya yote yana uzito zaidi huku kwetu kuliko San Pedro. Kocha wa timu ya taifa analipwa, ana wasaidizi, ana video za mechi. Kocha wa timu ya shule au ya chuo, hapa Mufindi, Iringa mjini au Mbeya, mara nyingi ni mwalimu au mkufunzi aliyejitolea. Asubuhi anafundisha darasani, jioni anapuliza filimbi kwenye uwanja wenye mteremko na ukungu. Hana msaidizi wa kumwambia kwamba winga amechoka. Anabeba mipira na jezi mwenyewe.

Mtu huyo akitukanwa mbele ya wanafunzi wake kwa sababu ya badiliko moja, msimu ujao hatakuja. Na asipokuja, mara nyingi timu inakufa, maana nyuma yake hakuna foleni ya wanaoitaka kazi hiyo. Vijana wanaobaki ndio wale ambao baadaye tunashangaa kwa nini hawajui kulinda bao moja.

Lakini kunyamaza nako si dawa. Kocha anayesifiwa tu hajifunzi. Kinachomsaidia ni mtu atakayemwendea baada ya mechi, hasira zikishapoa, akamwambia: "Mwalimu, walipobaki 10 niliona mabeki wetu wa pembeni hawakupanda hata mara moja. Ulikuwa umewaagiza wabaki?" Hilo ni swali. Lina dakika, lina jambo lililoonekana, na linampa nafasi ya kujibu. Huenda atakuambia mmoja wao alikuwa na maumivu ya nyonga. Huenda atanyamaza, na Jumamosi ijayo utaona mabeki wanapanda.